Ni Watu Waliozidi au Ni Ujira Uliopungua?

Kuna kauli ambayo siku hizi haihitaji kutetewa na yeyote anayeitoa. Husemwa na wanasiasa majukwaani, na wataalamu katika semina zao, na hata na wazee matangani: kwamba uchumi wa kisasa hauwahitaji watu wote tulio nao. Mashine zinalima, zinachuma, zinahesabu, na sasa zipo hata zinazoandika. Vijana nao wanazidi kuhitimu kila mwaka. Kwa hivyo, yasemwa, watu wamezidi. Ukisimama pale Tawa, soko la upande wa Mbooni katika Kaunti ya Makueni, ukawatazama vijana wa bodaboda waliopanga pikipiki zao kumi na tano wakimngoja abiria mmoja, yumkini utaona kama kwamba kauli hiyo imekwisha kuthibitishwa mbele ya macho yako.

Mwandishi wa makala haya si mwanauchumi. Taaluma yake ni isimu, na mwanaisimu akisikia kauli inayokubaliwa na kila mtu bila swali, kwanza huyachunguza maneno iliyojengwa kwayo. Maneno haya ya 'watu wamezidi' yana historia, na ni mahali pachache ambapo historia hiyo inasomeka wazi kama Ukambani, kwa sababu watu wa huku wamekwisha kuambiwa wamezidi zaidi ya mara moja.

Tuanze na neno 'kazi' lenyewe. Katika Kiswahili neno hili lina maana zisizopungua mbili zinazotuhusu hapa. Kuna kazi ya mtu, yaani shughuli aifanyayo. Na kuna kazi ya kitu, yaani faida au matumizi yake. Twauliza: 'Kamba hii ina kazi gani?' Tukijibiwa kwamba haina kazi, twaitupa. Sasa tazama jinsi maana hizi mbili zinavyochanganyika tunaposema juu ya kijana aliyemaliza chuo miaka minne iliyopita: 'Huyu hana kazi.' Tulichokusudia ni kwamba hana ajira, hajapata mtu wa kumlipa. Lakini sikio la msikilizaji, na sikio la kijana mwenyewe, husikia pia ile maana ya pili, kwamba hana faida. Kutoka hapo hadi kusema amezidi ni hatua moja fupi, na lugha imetuvusha bila ya hoja yoyote kutolewa.

Ajira na ujira ni maneno ya shina moja, tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, na yote mawili yanahusu malipo. Ama 'kibarua', asili yake ni barua ndogo: kile kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa kiwe ushahidi wa siku alizofanya kazi. Kikaratasi kikawa jina la kazi, kisha kikawa jina la mtu mwenyewe. Asiye na kikaratasi hakuingia katika hesabu ya bwana, hata kama siku nzima hakukaa kitako. Katika Kikamba, mama anayetoka alfajiri kuteka maji, akarudi akapalilia mbaazi, akachanja kuni, akapika, akamwogesha mkwewe mgonjwa, hakuna atakayethubutu kusema hana 'wia'. Mjini mama huyo huyo ataambiwa hafanyi kazi, yuko nyumbani tu. Shirika la Kitaifa la Takwimu lilipopima matumizi ya muda mwaka 2021, lilikuta kwamba wanawake wa Kenya hutumia karibu asilimia 19 ya siku yao, yaani takriban saa nne na nusu, katika kazi za nyumbani na utunzaji zisizolipwa, ilhali wanaume hawafikii hata saa moja. Hizo ni saa za kazi ambayo uchumi unaihitaji mno, kwani bila hiyo hakuna mfanyakazi atakayefika kiwandani ameshiba na amevaa nguo safi. Kinachokosekana ni mlipaji.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wanafunzi wangu wa sarufi hulitambua upesi. Mtu ni wa ngeli ya a-wa: watu wanakula, wanazaliwa, wanadai. Lakini wataalamu wakishamwita 'rasilimali watu' au 'nguvukazi', upatanisho wa kisarufi hubadilika: nguvukazi inapangwa, inasafirishwa, imezidi. Imezidi kama mahindi ghalani. Sidhani kama sarufi ndiyo inayoleta dhuluma duniani, lakini huirahisishia njia.

Sasa tuirudie historia. Mnamo Oktoba 1919 serikali ya kikoloni chini ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka uliowataka maafisa wake wawahimize Waafrika, wakiwemo wanawake na watoto, waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Sababu ilikuwa ni uhaba wa wafanyakazi. Kodi ya nyumba, kodi ya kichwa, na kile kipande kilichoning'inizwa shingoni, vyote vilikuwa vyombo vya kuuondoa uhaba huo. Kwa lugha ya mwajiri wa wakati ule, basi, Waafrika walikuwa wachache mno.

Haikupita miaka ishirini. Mwaka 1937, Colin Maher, afisa wa kikoloni aliyehusika na kuzuia mmomonyoko wa udongo, aliandika ripoti juu ya hifadhi ya Wakamba ya Machakos, ambayo ndani yake zilikuwamo Mbooni na Tawa. Alieleza mabonde yaliyochimbika, vilima vilivyobaki mawe matupu, na akatabiri kwamba wenyeji walikuwa wakielekea kwenye ufukara usio na matumaini na nchi yao kwenye jangwa. Watu na mifugo, ilisemekana, walikuwa wengi kupita uwezo wa ardhi. Watu ni wale wale. Katika shamba la mlowezi walikuwa pungufu, na katika hifadhi yao walikuwa ziada. Milima ya Mua ilikuwa imechukuliwa na wazungu, na nyanda za Yatta zilikuwa zimetangazwa kuwa ardhi ya Mfalme. Ukimpunguzia mtu shuka kisha ukamlaumu kwa urefu wa miguu yake, hesabu yako haiwezi kukosa kuonyesha kuwa miguu imezidi.

Yafaa kukumbuka pia kwamba kabla ya watu kuitwa ziada, waliotangulia kuitwa hivyo kwa vitendo ni ng'ombe. Mwaka 1938 serikali iliamua kuwapunguza kwa nguvu, na mifugo ya Wakamba ikawa inakamatwa na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa. Sadfa iliyoje: kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa ndio kwanza kimeanza Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, hadi Nairobi, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuwalazimisha watu kuuza. Leo jina lake limo katika barabara ya katikati ya Nairobi. Msomaji ataelewa kwa nini mtu wa Ukambani akisikia neno 'ziada' huuliza mara moja ni nani anayetaka kununua kwa bei ya chini.

Je, ule utabiri wa jangwa ulitimia? Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichochunguza nchi hii hii kuanzia 1930 hadi 1990. Watu wa Machakos, kwa mipaka ya zamani iliyojumuisha Makueni, walikuwa takriban 240,000 mwaka 1932. Mwaka 1989 walikuwa karibu milioni 1.4. Kwa hesabu ya kina Maher, hapo pangepaswa kuwa na mawe matupu. Kinyume chake, watafiti hao walikuta miteremko iliyokatwa matuta, miti mingi kuliko ile inayoonekana katika picha za miaka ya 1930, na thamani ya mazao kwa kila mtu iliyoongezeka takriban mara tatu. Mikono iliyohesabiwa kuwa mingi mno ndiyo iliyochimba matuta hayo. Makundi ya mwethya, hasa ya wanawake, yalikwenda shamba hadi shamba, leo kwako na kesho kwangu, wakichimba mtaro na kuurusha udongo upande wa juu. Namna hiyo ya tuta inaitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili sasa limo katika vitabu vya wataalamu wa udongo duniani kote, waandikao Kiingereza kwa Kifaransa. Ni istilahi chache za Kiswahili zilizosafiri mbali kiasi hicho, na hii ilitoka kwa watu ambao hawakuhitajika.

Nisingependa, hata hivyo, msomaji achukue hadithi hiyo kuwa ni hirizi. Wako watu wanaoinukuu kana kwamba inathibitisha kuwa kadiri mtakavyozaliana ndivyo mtakavyotajirika, na hilo silo. Kwanza, fedha za kuyajenga matuta hayo kwa sehemu kubwa hazikutoka shambani. Zilitoka Nairobi na Mombasa, kwa maaskari, polisi, makarani na wapishi waliotuma sehemu ya mishahara yao nyumbani. Na baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 zilitoka pia katika kahawa, zao ambalo hapo awali Mwafrika alizuiwa kulipanda. Pili, John Murton, aliyezichunguza jamaa za huku Mbooni na kuchapisha makala yake mwaka 1999, aliona kwamba neema hiyo haikuwaangukia wote sawasawa. Wenye mishahara ya nje waliweza kununua mbolea, kuchimba matuta, hata kununua ardhi ya jirani. Wasio na mshahara walibaki na vipande vinavyozidi kudogoka na udongo unaozidi kuchoka. Hoja ya Murton ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa maana yaonyesha mahali penye kidonda. Kilichomtenga aliyefaulu na aliyeshindwa ni kama kulikuwa na mshahara ulioingia katika boma au la, wala si idadi ya midomo iliyokuwamo.

Katika historia hii mna kisa kimoja ambacho sitaki kukiruka. Huko Wamunyu, upande wa pili wa Machakos, alikuwako mtu aliyeitwa Mutisya Munge. Alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akajifunza huko uchongaji wa vinyago, akarudi nyumbani akaendelea kuchonga na kuwafundisha wengine. Kutokana naye likazaliwa soko lililowapa riziki maelfu ya wachongaji, kutoka Wamunyu hadi Changamwe, Mombasa, ambako wachongaji waliunda ushirika wao. Mwaka 1914 hapakuwa na mzungu yeyote aliyekuwa akihitaji twiga wa mti kutoka Ukambani. Mahitaji ya uchumi hayako mahali fulani yamekamilika, yakingoja kugawiwa watu kama chakula cha njaa hadi kiishe. Watu wenyewe huyazua. Anayesema uchumi una watu kuliko unavyohitaji amechukulia kwamba orodha ya mahitaji imekwisha kufungwa, na kwamba yeye anayo nakala.

Tulipopata uhuru tulirithi orodha hiyo na tukaitumikia. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walifikia mapatano: serikali iongeze wafanyakazi wake kwa asilimia 15, makampuni yaongeze asilimia 10, na vyama kwa upande wao visitishe madai ya nyongeza ya mishahara. Ilikuwa nia njema. Lakini habari za nafasi zilipoenea vijijini, waliofunga safari kwenda kuzitafuta walikuwa wengi kuliko zilizopatikana, na mitaa ya Nairobi ikawa na watafuta kazi wengi kuliko hapo awali. Mwanauchumi Michael Todaro alilieleza jambo hilo mwaka 1969, akionyesha kwamba kijana anayeacha shamba hana wazimu: anapima mshahara wa mjini na uwezekano wa kuupata, kisha anajaribu bahati yake.

Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuja kuchunguza ukosefu wa ajira Kenya. Naam, ulikuta kitu ambacho hakikutarajiwa na wengi. Wale walioitwa hawana kazi walikuwa wakifanya kazi kutwa kucha. Walikuwa wakishona, wakiunda sufuria, wakitengeneza baiskeli, wakiuza mboga, wakijenga nyumba. Tatizo lao halikuwa kukosa la kufanya bali kufanya mengi kwa kipato kidogo, tena huku wakifukuzwa na askari wa baraza la mji. Tangu hapo dunia ikapata istilahi ya 'sekta isiyo rasmi', na sisi tukaipa jina bora zaidi, jua kali.

Majirani zetu wa Tanzania walijaribu njia nyingine. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya nguvukazi, na katika Dar es Salaam watu walioonekana kuwa hawana kazi inayotambulika walikusanywa na kupelekwa mashambani. Miongoni mwao walikuwamo wachuuzi na mafundi wadogo wadogo, watu waliokuwa wakiulisha na kuuvisha mji ule ule uliowaita wazururaji. Wengi wao walirudi. Mji uliwahitaji, ingawa kitambulisho cha kazi kilikuwa kimewakana.

Hali yetu ya leo haikutofautiana sana na ile ya 1972, isipokuwa kwa ukubwa. Kwa mujibu wa takwimu rasmi, mwaka 2023 zilipatikana nafasi mpya za kazi zipatazo 848,000 nje ya ukulima mdogo, na zaidi ya 720,000 kati yake zilikuwa za jua kali. Yaani katika kila watu saba waliopata la kufanya, sita walijitafutia wenyewe. Wale vijana kumi na tano wa pikipiki pale Tawa wamo katika hesabu hiyo. Serikali huwataja kama waliopata kazi inapotaka kujisifu, na huwataja kama wasio na kazi inapotaka kukopa.

Hapa ndipo hoja ya watu kuzidi inapoporomoka kwa namna ambayo hata mtoto angeiona. Tume ya Huduma kwa Walimu imeliambia bunge katika miaka ya hivi karibuni kwamba nchi ina upungufu wa walimu wanaokaribia laki moja. Tume hiyo hiyo ina katika sajili yake zaidi ya walimu laki tatu waliohitimu na ambao hawajaajiriwa. Darasa halina mwalimu, mwalimu hana darasa, na vyote viwili vimo katika kata moja. Wale wanaochukuliwa kwa muda katika shule za sekondari msingi hulipwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kabla ya makato, kwa kazi ile ile anayoifanya mwenzao aliyeajiriwa. Nao madaktari waligoma mwaka 2024 kwa siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa ni madaktari wanagenzi waliokwisha kusoma miaka sita wakawa wamekaa nyumbani, kwa kuwa serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 badala ya zile 206,000 zilizokuwa katika mapatano. Je, ni nani atakayesema kwamba wagonjwa wa Makueni walikuwa na madaktari kupita kiasi? Kilichopita kiasi ni riba ya madeni, ambayo huchota katika bajeti kabla ya mwalimu na daktari kufikiwa.

Wapo watakaonikumbusha habari ya mashine. Mnamo Mei 2023, huko Kericho, wakazi wenye hasira walizichoma mashine za kuchuma majani chai zilizokuwa zimechukua nafasi ya wachumaji. Siwezi kusifu uchomaji, lakini si haki pia kuucheka kama ujinga wa watu wasiopenda maendeleo. Hesabu ya kampuni ilikuwa sahihi kwa kampuni: mashine moja hufanya kazi ya watu wengi na haiumwi mgongo. Swali lililobaki bila jibu ni wapi ilikokwenda ile akiba. Mshahara wa mchumaji ulikuwa ukilipa karo, ukinunua sukari na kuezeka mabati papo hapo Kericho. Ukikatwa, faida yake huvuka bahari pamoja na chai. Mashine haikumfanya mchumaji kuwa ziada. Kilichomfanya hivyo ni utaratibu wa kwamba faida ya mashine ni ya mwenye mashine peke yake. Mwingereza John Maynard Keynes alibashiri mwaka 1930 kwamba baada ya miaka mia moja wajukuu wa kizazi chake wangefanya kazi saa 15 tu kwa juma, kwa jinsi mitambo itakavyowapunguzia mzigo. Miaka mia yenyewe ndiyo hii inayokamilika. Mitambo imekuja kama alivyosema, ila zile saa zilizookolewa hazikugawanywa: mmoja amebaki na saa zote na mwenziwe hakubakiwa na hata moja. Na hii akili unde inayotutisha sasa, sehemu ya mafunzo yake imefanywa na vijana wa Nairobi, walioketi wakisoma na kuainisha machafu ya mtandaoni kwa malipo yaliyofichuliwa mwaka 2023 kuwa chini ya dola 2 kwa saa. Hata mashine ya kuwafanya watu wasihitajike iliwahitaji watu.

Sipuuzi suala la idadi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto wanane, na hakuna matuta ya fanya juu ambayo yangeweza kustahimili kasi hiyo milele. Wala wananchi hawakungoja kuhubiriwa daima. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta wastani umeshuka hadi 3.4. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 987,653 katika Makueni, na ekari ambayo babu aliigawa kwa wanawe watano haiwezi kugawanywa tena kwa wajukuu ishirini ikabaki kuwa shamba. Vijana walio na miaka ishirini leo wamekwisha kuzaliwa, hakuna uzazi wa mpango utakaowahusu. Lakini kuwa ardhi haiwatoshi wote kulima ni jambo moja, na kuwa hawahitajiki ni jambo jingine kabisa. Jambo la kwanza ni ukweli wa vipimo. La pili ni hukumu.

Tena ni hukumu ya ajabu kuitoa wakati huu, ambapo nchi zilizoendelea zinalia kilio cha kinyume. Korea Kusini mwaka 2023 wastani wa uzazi ulifika 0.72. Wajapani wamekuwa wakipungua kwa zaidi ya mwongo mmoja, na Uchina nayo ikaanza kupungua mwaka 2022. Mnamo Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mapatano ya kuhamisha wafanyakazi, kwa kuwa Wajerumani wanazeeka na hawana wa kuwauguza. Magazeti ya ng'ambo yalipotangaza kwamba Wakenya 250,000 wangechukuliwa, Berlin iliharakisha kukanusha idadi hiyo. Huku kwetu serikali imelifanya jambo la kuwapeleka vijana nje kuwa nguzo ya sera yake ya ajira. Muuguzi ambaye ni ziada Tawa anakuwa lulu Berlin. Hakubadilika hata unywele. Mnamo 1919 alihitajika katika shamba la mtu mwingine, na sasa anahitajika katika hospitali ya mtu mwingine.

Silaumu wanaokwenda. Fedha walizotuma Wakenya walio nje mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, kiasi kinachozidi sana mapato yetu ya kuuza majani chai, na pengine baadhi ya matuta na matangi ya maji ya Mbooni yanajengwa kwa fedha hizo kama yalivyojengwa zamani kwa mishahara ya polisi. Walio Ghuba wana habari nyingine, nyingi zake za kusikitisha, nazo zastahili makala yake. Ninachokipinga ni serikali kuigeuza njia ya mlangoni kuwa sera, kisha ikawaambia waliobaki kwamba wamebaki kwa kuwa wamezidi.

Mwaka 2027 wagombea watafika Tawa. Watapanda juu ya magari, watawarushia vijana wa bodaboda noti za mafuta, na watataja idadi ya nafasi za kazi watakazoleta. Inafaa waulizwe maswali machache ya hesabu, ya darasa la saba tu. Shule za Mbooni zinapungukiwa na walimu wangapi? Waliohitimu na kukaa nyumbani ni wangapi? Hospitali ya Tawa inahitaji wauguzi wangapi usiku na mchana? Kila mmoja wao atalipwa kiasi gani, kutoka fungu gani la bajeti, na ni fungu gani jingine litakalokatwa ili alipwe? Mgombea akijibu kwamba atawatafutia viza, aombwe ayasome maswali yale upya, polepole.